Vumbi la Koti la Baba

Mama akiulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani huko aliko, hujibu, "Anashika vumbi." Kisha hucheka mpaka kitambaa cha kichwani kinamlegea. Majirani nao hucheka, maana kwetu Itiryo, wilayani Tarime, vumbi ni kitu cha kukimbia, na hakuna anayeelewa kwa nini mtu asome miaka yote ile, apande ndege, akaishi kwenye nchi ya baridi, ili ashike kitu ambacho ukikaa tu kiambazani kinakujia chenyewe. Sijawahi kumsahihisha. Vyeti vyangu vina maneno marefu zaidi, lakini havisemi zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe iko hivi. Nina kisanduku cha kioo kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Ndani yake naingiza hewa yenye vumbi, au moshi, au matone ya maji ya chumvi madogo kuliko umande. Kisha naelekeza humo mwanga wa leza niliokwisha kuubana kwa lenzi mpaka ukawa mwembamba kuliko unywele. Chembe ikipita pale mwanga ulipobanwa, inanaswa. Haishuki wala haipandi. Inabaki hewani, imeshikwa na mwanga mtupu, na kamera inaikuza mpaka kwenye skrini inaonekana kama punje ya mtama. Naweza kuikalisha hapo siku nzima, nikaipulizia unyevu nione inavyovimba, nikaikausha nione inavyosinyaa. Wenzangu wa fani hii wanataka kujua mawingu yanaanzaje na moshi unafanya nini ukishafika juu. Nami nikiulizwa kwenye mikutano husema hivyo hivyo, kwa uso mkavu. Lakini kilichonipeleka huko ni koti.

Baba si mtu wa Tarime. Alikuja akiwa kijana kutoka Usukumani, akifuata dhahabu kama walivyoifuata wengi, akajenga kibanda cha turubai karibu na machimbo, akamwona mama anateka maji, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Wajomba zangu hawakumkubali upesi. Walimwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao. Yeye akawajibu kwamba michembe angalau haigombani na mtu, wakacheka, na tangu siku hiyo wakawa watani. Mimi nilimwita tata, kama watoto wote wa Kikurya wanavyowaita baba zao. Yeye aliniita mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi. Hakuwahi kuniita jina lingine, hata siku aliponikasirikia kweli.

Koti lake la kazi lilikuwa la kitambaa kigumu, kijani kilichokwisha kusahau kwamba ni kijani, na lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Wachimbaji wa duara lao, yaani shimo walilochimba pamoja, walikuwa na mwiko mmoja ambao hata mlevi hakuuvunja: mkanda wa dhahabu ukiwa hai ndani ya mwamba, koti la kazi halifuliwi. Ukilifua unaosha bahati, na si yako peke yako, ni ya duara zima. Mama, ambaye hakuamini mambo hayo na alikuwa mtu wa kanisa, alitafuta njia ya katikati. Kila jioni baba akirudi, alilichukua koti kwa ncha za vidole kana kwamba ni panya, akalitundika kwenye uzio wa minyaa, akalichapa kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Nilipenda saa ile kuliko saa nyingine yoyote ya siku. Jua lilikuwa limeinama, na vumbi lililotoka kwenye koti lilimeremeta. Nilikuwa na hakika ni dhahabu. Nilidhani watu wazima ni wapumbavu, wanashuka shimoni kuitafuta na wakirudi nayo wanaichapa ikapotee hewani. Basi nililamba kiganja, nikainua mkono na kungoja itue.

"Unafanya nini, mayu?" baba aliniuliza siku moja kutoka kwenye kigoda chake.

"Nashika dhahabu, tata."

"Hiyo si dhahabu. Hayo ni makombo ya mwamba."

"Sasa mbona hayaanguki?"

Baba hakuwa mtu wa kumjibu mtoto bila kufikiri. Alisugua mguu wake kwenye beseni, akaniangalia, akaliangalia vumbi. "Yalifungwa ndani ya jiwe tangu dunia iumbwe," alisema. "Yamechoka kukaa chini. Yaache yatembee."

Nimesoma majibu mengi ya swali lile tangu wakati huo, na mengine nimeyaandika mwenyewe. Hakuna nililolipenda kama hilo.

Nilipokuwa darasa la nne, Jumamosi ya kuelekea Pasaka, mama alikwenda mnadani na baba akaenda kwa mjomba kumsaidia kuezeka. Nikaona niwafanyie jambo la kuwafurahisha. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikabeba koti mpaka mtoni, nikalifua. Nililifua kwa kweli, si kwa kuigiza: maji yaligeuka mazito kama uji, nikaendelea mpaka yakaja safi. Nikalianika juu ya minyaa, nikalifunga vifungo vyote ili likauke na umbo lake. Mwiko niliujua, maana hakuna asiyeujua. Lakini nilikuwa mtoto wa mama pia, na mama alishasema mara nyingi kwamba bahati ya Mungu haioshwi kwa sabuni.

Baba aliporudi alisimama mbele ya uzio muda mrefu. Koti lilikuwa bado linatiririka. "Limependeza," alisema, akaingia ndani.

Kabla ya wiki kwisha, mkanda ulipotea. Walichimba kulia, wakachimba kushoto, mwamba ukawa mwamba mtupu. Wachimbaji wakakaa kikao, na hakuna aliyehitaji kupiga ramli kwa sababu koti la baba lilikuwa safi kama la mwalimu mkuu. Akaulizwa nani amelifua. Akasema, "Mimi mwenyewe. Lilikuwa linaniwasha." Wakamtoa kwenye duara.

Hayo ya kikao sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba baba hakwenda tena shimoni, akaenda kufanya kazi kwenye karasha. Karasha ni mashine ya nyundo inayoendeshwa kwa dizeli, inasaga mawe yenye dhahabu kama mashine ya unga inavyosaga mahindi, isipokuwa unga wake hauliwi, unavutwa tu. Mawe husagwa makavu. Baba alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Na koti, tangu siku ile, hakukubali lifuliwe tena, ingawa kwenye karasha mwiko ule haukuwepo. Alisema mtu hajaribu bahati mara mbili. Mama akaendelea na fimbo yake.

Nilipokuwa chuo kikuu ndipo mama aliponieleza, tukiwa tunachambua maharage, jinsi baba alivyojibu kwenye kikao. Alinieleza kama jambo la kuchekesha. Mimi sikucheka. Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya zizi, na ng'ombe mmoja akanitazama nikilia mpaka akachoka.

Huko ugenini nilipelekwa kwa profesa mmoja mzee ambaye mikono yake ilitetemeka akishika kikombe cha chai, ila akishika lenzi ilitulia. Wiki za kwanza sikunasa kitu. Chembe zilipita kwenye mwanga kama watu wanaompita mdai wao njiani. Kumbe nilikuwa napumua. Pumzi ya mtu ni tufani kwa kitu kidogo kiasi kile. Mzee akanifundisha kufunga mlango, kukaa, kuacha viatu visigongane na sakafu, na kubana pumzi kila ninapofungua kisanduku. Siku niliponasa tone langu la kwanza la maji ya chumvi nilibana pumzi mpaka nikaona giza.

Masizi ya moshi yalinisumbua zaidi. Tone la maji hupenda mwanga, hukimbilia pale unapowaka zaidi na kutulia hapo. Masizi ni meusi. Ukiyamulika, upande mmoja unapata moto, na hewa inayasukuma yaondoke. Kila nilipoongeza mwanga ndipo yalipokimbia upesi. Nilihangaika hivyo miezi mitatu, na mimi nikikasirika huwa naongeza nguvu, basi nikawa naongeza nguvu. Mwishowe mzee akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kuacha kuyamulika. Akanionyesha namna ya kuutoboa mwanga katikati, uwe kama bangili: pembeni mwanga, ndani kivuli. Chembe ya masizi ikiwekwa kwenye kile kivuli, kila ikielekea pembeni inakutana na mwanga na kurudi. Inatulia. Nilijiona mjinga kwa muda mrefu baada ya hapo.

Nilihitaji masizi ya kuni halisi, si yale ya kununua dukani kwa wakemia, nikamwomba mama anitumie ya jikoni kwake. Yalikuja na msafiri ndani ya kopo la majani ya chai. Pamoja nayo kulikuwa na kifurushi kidogo cha karatasi ya daftari. Mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: hili vumbi ni la koti la baba yako, usimwambie nimelichukua. Kwake lilikuwa utani, zawadi ya kumkumbusha mtoto jioni zake.

Nilinasa punje moja ya lile vumbi asubuhi. Masizi hujikunja, chumvi hunywa maji ikavimba. Hii haikufanya lolote. Ilikuwa kigae kidogo kama cha chupa iliyovunjika, chenye kingo kali, kinachong'aa. Niliipulizia unyevu, nikaikausha, nikaiacha, nikaenda kula, nikarudi mchana nikaikuta vile vile. Ndipo nikaanza kufikiria njia yake: puani, kooni, kifuani, mpaka kule ndani kabisa, kwa sababu ni ndogo mno kuanguka kabla haijafika. Na ikishafika haiyeyuki. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi kama mtu anavyosoma habari za nchi ya mbali. Siku ile niliyasoma kama barua ya kutoka nyumbani.

Nikapiga simu. Mama alipokea, na nyuma yake nikasikia kikohozi, kikavu, kifupi, cha mtu anayejaribu kisisikike. Baba alikuwa amewahi kupewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza zote, akanenepa kidogo, na kikohozi kikabaki. Mama alisema, "Ni kikohozi chake tu." Kwetu kikohozi kikikaa miaka kinakuwa mali ya mtu, kama mwendo wake.

Niliomba likizo ya wiki tano nikaja nyumbani. Nilikuja na jambo moja tu kichwani: baba aondoke karasha na aende hospitali kupigwa picha ya kifua kabla hajamaliza hewa iliyobaki. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nilidhani ukweli ukiwa mkubwa unatosha wenyewe. Siku ya pili tu, nimebeba kompyuta kwapani, nilikwenda moja kwa moja karasha. Wanaume kama kumi walikuwa wanapumzika kando ya marundo ya mawe, baba akiwa katikati yao na koti lake. Niliwaamkia shikamoo wakubwa, nikafungua kompyuta, nikawaonyesha ile picha ya kigae. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Hiki ndicho kilichojaa kifuani mwa baba yangu."

Mmoja wao, Mkurya wa umri wa baba, akamgeukia. "Mura," alimwambia, kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana, "binti yako amekuzika na bado unatembea."

Baba aliweka koleo chini, akainuka, akaondoka. Hakunitazama. Kesho yake alikwenda kazini mapema kuliko kawaida, na kwa siku mbili neno pekee alilonipa lilikuwa marahaba, kwa sababu hilo hakuna mtu mzima anayeweza kulizuia. Nilimkimbilia mama na methali. "Mama, mficha maradhi, kilio humfichua."

"Methali hata mimi nilizisoma," mama alisema akimenya muhogo. "Huyu mwanaume je, wewe ulimsoma wapi? Ukimwambia anaumwa, anakwenda kulima. Ukimwambia mbele za watu, analima na shamba la jirani."

Nilikaa na maneno hayo na aibu yangu. Miezi mitatu nilikuwa nimeyakimbiza masizi kwa mwanga, nikafundishwa, nikaandika hata makala kuhusu jambo hilo, na bado nimekuja kufanya kosa lile lile kwa baba yangu mzazi. Nilijikasirikia sana. Nikaapa sitalitaja neno kifua tena mpaka alitaje mwenyewe, na nikaogopa kwamba hatalitaja.

Siku ya tatu baada ya aibu ile ilikuwa Jumapili, karasha limezimwa. Nilikuwa nimewaahidi walimu wa shule moja ya sekondari kule Ringwani kwamba nitapita kwao kuwaonyesha wanafunzi mtego mdogo wa mwanga, wa kujitengenezea: leza ndogo kama kalamu, lenzi ya kamera mbovu, na chupa ya jemu iliyooshwa. Nilitaka kuujaribu kwanza. Mahali penye giza la kutosha mchana ule palikuwa jikoni kwa mama, maana dirisha lake ni la kupitishia paka. Nilikwangua masizi kwenye tako la sufuria, nikayapuliza ndani ya chupa, nikaanza kuyatafutia kivuli katikati ya mwanga.

Baba aliingia kutafuta chai. Akasimama mlangoni.

"Funga mlango, tata," nilisema bila kugeuka. "Upepo unaniharibia."

Nilimsikia akifunga. Akavuta kigoda, akaketi karibu yangu, na akafanya kitu ambacho kila mtu anayekaribia kazi hii hukifanya bila kuambiwa: akabana pumzi. Chembe moja ikanaswa. Ilikuwa nukta tu ya mwanga, imening'inia katikati ya chupa ya jemu bila uzi. Nikamwonyesha kwa kidole aitazame kutoka ubavuni. Akainama. Pumzi ikamshinda, kikohozi kikaja, chupa ikatikisika na nukta ikapotea.

"Nimelikimbiza," alisema, kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

"Yapo mengi. Tutashika lingine."

Tulishika lingine, naye akalikimbiza. La tatu, aliona kikohozi kinakuja akainua mkono wa koti kuziba mdomo. Nilimshika mkono, nikaushusha polepole mpaka magotini, nikampa ncha ya khanga yangu. Akaitumia. Nukta ikabaki.

Tuliitazama muda mrefu. Nje mama alikuwa anabishana na mbuzi.

"Linaanguka lini?" baba aliuliza.

"Halianguki, mpaka nizime mwanga."

"Limechoka kukaa chini," alisema, na nikajua kwamba hakuwa amesahau. Akaniuliza mwanga unalishikaje, nikamweleza kwamba hili ni jeusi, ukilimulika linakimbia, kwa hiyo mwanga nimeuzungusha pembeni na katikati nimeliachia kivuli.

"Kumbe umelijengea zizi."

"Ndiyo, tata. Zizi."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba ana heshima kubwa kwa kitu chochote kilichojengwa vizuri. Kisha akauliza, bado akiitazama chupa, "Na la mwamba?"

"La mwamba halikimbii. Nililishika kule kwa mashine kubwa. La koti lako. Mama alinitumia."

"Huyu mwanamke," alisema, lakini si kwa hasira. "Lilikaa muda gani?"

"Mpaka nilipochoka mimi."

"Na mtu akilivuta?"

Swali lilikuwa lake, limetoka mdomoni mwake, na majibu yake mimi nilikuwa nayo ya kujaza kabati. "Halitoki," nilisema. Maneno mengine yote, ya hospitali, ya picha, ya karasha, yalinijaa mdomoni, nikayameza moja moja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile kwenye maabara yoyote.

Badala yake nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ile ya maharage. "Tata, koti nililifua mimi. Ningaliliacha, usingalifika karasha."

Baba alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na nukta ikaenda zake. "Mayu, ulidhani sijui? Lilinuka sabuni ya mama yako, na vifungo vilifungwa vyote hadi cha shingoni. Mchimbaji gani anafunga cha shingoni?" Akajifuta kwa khanga. "Mkanda ulikuwa umekwisha. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaona unakonda, na hakuna mwanaume aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Koti lako lilitupa la kusema. Wale walifurahi, nakwambia. Walirudi kwa wake zao na sababu."

"Lakini walikutoa."

"Walimtoa mtu mzima. Ningesema ni wewe, wangekuangalia kwa jicho baya mpaka uolewe."

Nililia, nikiwa nimeshika chupa ya jemu. Yeye aliniacha nilie, hakunibembeleza, kwa sababu si desturi yake, ila hakuondoka. Baadaye alisimama, akavua koti, akalikunja kama wanavyokunja bendera, akaliweka magotini pangu.

"Lifue," alisema.

Nilimtazama kuhakikisha kama anajua anachosema. Koti halifuliwi mkanda ukiwa hai. Alikuwa anajua kwamba wake umekwisha.

Tulilifulia uani, juani. Yeye ndiye aliyemimina maji kutoka kwenye dumu, na nilimwomba alilowanishe kwanza, kabla halijatikiswa, vumbi lisipate nafasi ya kutembea. Maji yaligeuka uji. Nilimwaga, akamimina mengine. "Hiyo dhahabu inaondoka," alisema, tukacheka. Mama alipogeuka kutoka kwa mbuzi zake na kuliona linatiririka juu ya minyaa, fimbo ikiwa bado imeegemea palepale alipoizoea, aliketi chini kwenye majani akajifunika uso kwa khanga. Alikuwa amelichapa lile koti tangu mimi sijazaliwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta baba amekaa kiambazani, amevaa shati la kanisani, amechana nywele. Nikamwamkia. "Marahaba," alisema. "Koti bado bichi. Sina la kuvaa kwenda karasha." Akaangalia barabarani. "Basi twende huko mnakopiga watu picha, siku isipotee bure."

Picha ilionyesha nilichojua itaonyesha. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akamweleza kwa maneno ya kawaida kwamba kilichoingia kimeingia, ila si lazima kiongezwe. Baba akamshukuru, akamuuliza kwao ni wapi.

Hajarudi karasha. Wenzake wakija kumwita, maana ana jicho la kulijua jiwe lenye kitu, anawaonyesha kwenye minyaa ambako koti linaning'inia jua na mvua, na kuwaambia kwamba halijakauka. Wanacheka, wanakaa, wanakunywa chai. Yule aliyesema nimemzika ndiye anayekuja zaidi, na naambiwa siku hizi analowanisha mawe kabla ya kusaga, ingawa mashine inamgomea.

Mimi nimerudi kwenye kisanduku changu. Kila Jumapili napiga simu, na baada ya shikamoo nauliza, "Tata, koti limekauka?" Mwaka wa kwanza alijibu kwa pumzi moja, bado mayu. Sasa anasema bado, anapumzika, kisha anasema mayu, na katikati ya maneno hayo mawili mimi huku nabana pumzi.